Sarafu ya Kilwa haisuguliwi, inamulikwa

SWALI: Shikamoo Bibi. Babu aliokota sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu alipokuwa akilima shamba lake. Nikizipiga picha kwa simu, kinachotoka ni duara jeusi tu. Jirani ananishauri nizichovye kwenye maji ya ndimu kisha nizisugue kwa jivu. Nifanye hivyo? – Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Tafadhali, usifanye. Ndimu inakula shaba, na jivu linakwangua. Herufi za sarafu hizo zimeinuka kidogo mno, na mara nyingi kilichosalia kimo ndani ya hiyo kutu ya kijani yenyewe. Ukiibandua, jina nalo limekwenda.

Na jina ndilo kila kitu, kwa sababu sarafu za shaba za Kilwa hazina mwaka wala jina la mji. Upande mmoja kuna sultani na baba yake. Upande wa pili maneno machache ya kumtegemea Mungu, yenye kina kinachofuata jina la baba. Ali bin al-Hasan, kwa mfano, nyuma yake kumeandikwa yathiqu bi-mawla al-minan, anamtegemea Mola mwenye neema. Watu wa pwani walitia vina hata kwenye hela ya sokoni! Hilo hunifurahisha kila nikiliona.

Sasa picha. Zima fleshi, maana inafuta vivuli, na bila kivuli herufi hazisomeki. Weka sarafu juu ya kizibo, chini utandike kitambaa cha kijivu. Kitambaa cheupe huifanya simu itoe sarafu nyeusi. Egemeza simu ikitazama chini wima, umbali wa shibiri moja, ukuze mara mbili. Funga dirisha, washa tochi moja, uilaze karibu usawa wa meza. Kisha izungushe polepole bila kuigusa sarafu. Herufi ya alifu iliyosimama hujitokeza mwanga ukitoka ubavuni mwake, na hupotea mwanga ukifuata urefu wake. Ndiyo maana picha moja haitoshi: piga kila tochi inapohama, nyuso zote mbili. Picha moja ya kila uso iwe na rula pembeni.

Ukisoma al-Hasan bin Sulaiman, umeshika hela ya sultani aliyetawala msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alipofika Kilwa mwaka 1331. Sarafu yake moja ilipatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe nchini Zimbabwe, bara kabisa, kulikotoka dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala, Msumbiji. Na mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilikaa miaka mingi bila kutambuliwa, hadi maandishi yake yaliposomwa. Kama mtu angezisugua, leo zingekuwa vipande vya shaba tu.

Usimuuzie mtu, hata akikupa dola. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Toa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale, ukiambatanisha picha na maelezo ya mahali: upande gani wa shamba, kina gani, kulikuwa na vigae au mawe ya ukuta karibu? Hayo kamera haiwezi kuyapata. Anayeyajua ni babu yako, kwa hiyo muulize leo, ukiwa na daftari.