Chaguo nililoliita "alpha", na kwa nini nimelifuta

Mwaka jana niliandika maktaba ndogo ya kuchora grafu kwenye kurasa za wavuti. Jina la chaguo moja nililichukua kwa kivinjari lilivyo: `alpha`. Ukiweka `true` (ndiyo), kanvasi, yaani eneo la kuchorea kwenye ukurasa, inaonyesha kilicho nyuma yake. Ukiweka `false` (hapana), inakiziba. Siku ya pili mwenzangu ofisini akaniita: "Kaka, hebu njoo. Grafu zote nyeusi tii."

Kivinjari, usipokitajia `alpha`, huchukua `true`. Msimbo wangu uliuliza `if (options.alpha)` tu, na JavaScript ikikuta pengo hulihesabu kuwa hapana. Kanvasi ya 2D iliyonyimwa uwazi huanza ikiwa nyeusi, na hata `clearRect`, amri ya kufuta, huirudisha kwenye weusi uleule. Mtumiaji hakuandika chochote, akapata giza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: chaguo la ndiyo au hapana lipe jina ambalo ukimya wake ni "hapana". Kivinjari cha Firefox kiliwahi kuwa na sifa ya `moz-opaque` ("opaque" ni isiyoonyesha), na kwa hilo tu ilikuwa sahihi: asiyeiandika alibaki na kanvasi ya kawaida. Ila jina hilo lina kero nyingine, maana anayetaka uwazi anaishia kusema "si kutoonyesha". Hata Kiswahili chetu hakisaidii sana hapa. Tuliokua enzi za Rais Mkapa na kaulimbiu yake ya "ukweli na uwazi", tukisikia "uwazi" tunafikiria serikali kabla ya pikseli.

Bora zaidi, acha ndiyo na hapana, tumia maneno. WebGL, njia ya kivinjari kuchora kwa kutumia kadi ya picha, ilipotoka mwaka 2011 ilikuja na swichi mbili za uwazi, `alpha` na `premultipliedAlpha`, na zote huwa `true` usipozigusa. Swichi mbili ni hali nne, na ukizima ya kwanza, ya pili haina tena la kufanya. WebGPU, mrithi wake, ina chaguo moja la uwazi, `alphaMode`, lenye majibu mawili: `opaque`, ambalo ndilo la kawaida, na `premultiplied`. Neno hilo la pili linatisha bure. Nyekundu yenye uwazi nusu unaweza kuiandika 255, 0, 0, 128 (nyekundu, kijani, bluu, kisha alfa, yaani kiasi cha kuziba), au ukazidisha rangi kwa alfa kabisa, hapa nusu, ikawa 128, 0, 0, 128. Namna hii ya pili Porter na Duff, wataalamu wa michoro ya kompyuta, waliitumia kwenye makala yao ya mwaka 1984, na ndiyo inayorahisisha kuchanganya tabaka za picha. Ukiipa kanvasi namba za namna ya kwanza huku inatarajia ya pili, kingo za michoro zinatoa mng'ao wa ajabu, nawe utahangaika siku nzima ukilaumu picha.

Kama kanvasi imeziba, kivinjari kinaweza kuacha kuchanganya kila pikseli na kilicho nyuma. Kwenye 1920 kwa 1080 hizo ni pikseli 2,073,600, na simu ya bei nafuu inaweza kuhisi tofauti. Herufi ndogo nazo zinaweza kutoka kali zaidi.

Lakini mtu anayechora grafu ya mauzo hafikirii alfa. Anafikiria rangi ya nyuma. Basi nikafuta `alpha`, nikaweka `background`: ukiandika rangi kamili, maktaba yenyewe inaomba kanvasi iliyoziba na kuipaka rangi hiyo, usipoandika kitu, nyuma kunaonekana.

Kuna mtego mmoja ambao sijaukwepa. Ukishaita `getContext`, amri ya kuiomba kanvasi chombo cha kuchorea, uamuzi umefungwa. Ukiita tena kwa chaguo jingine unarudishiwa kilekile cha mwanzo, bila kosa wala onyo. Mtu akibadilisha `background` katikati ya kazi, kutoka rangi kwenda uwazi, inabidi nitengeneze kanvasi mpya na kuchora upya kila kitu. Nimeliandika hilo kwenye mstari wa kwanza wa maelekezo. Jina la zamani bado linapokelewa, ila linatoa onyo kwenye konsoli.