Kabla hujashika chaki, shika ng'ombe

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo, yakitoka, hapa Bukavu hakosi kijana wa kuniuliza: "Mwalimu, nikipata diploma ya ITAV niombe tu kazi ya kufundisha?" ITAV ni shule ya ufundi ya kilimo na mifugo, na jibu langu ni lilelile: nenda kwanza ukakanyage mavi ya ng'ombe miaka mitatu, kisha uje tuongee.

Mimi nilianza uuguzi wa mifugo milimani, Walungu na Kabare. Unashika mnyama, unamfunga, unapima joto, unaosha kidonda. Watu wanakuita daktari mpaka siku ya kulipa. Hapo unageuka "yule wa sindano". Ila karibu yote ninayofundisha leo yalitoka kule.

Na mengine yalitoka kwenye aibu. Mwaka wangu wa pili nilibeba chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku, ndani ya mkoba, bila barafu. Pikipiki ikaharibika njiani, nikakaa hapo juani kwa muda wa saa nne. Nilipofika nikachanja kuku 30 na kitu wa mama mmoja, tone kwenye jicho la kila kuku, nikapokea pesa, nikaondoka na furaha yangu. Kideri kilipopita kijijini, kuku wake walikufa sawa na wa jirani ambao hawakuchanjwa. Hakunitukana. Alinitupia miguuni kuku mmoja aliyepinda shingo, akauliza, "Mwanangu, ulitia maji?" Chanjo ile hutaka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa kweli nilikuwa nimetia maji.

Ndiyo maana somo la chanjo silianzii ubaoni. Nawapa wanafunzi kisanduku cha barafu chenye kipimajoto, wakitembeze hadi soko la Kadutu na kurudi, wakiandika nyuzi kila robo saa. Anayefungua kifuniko ili awaonyeshe wenzake anaona mwenyewe namba ikipanda.

Kwa mazoezi ya uzazi, achana na ng'ombe. Mimba yake ni miezi tisa, mwaka wa shule unakuishia mkononi. Tafuta simbilisi, wale wanyama wadogo kama panya wasio na mkia, ambao familia nyingi za huku wanawafuga tayari: mimba ni siku 70 hivi, hawagharimu sana, na mwanafunzi aliyepandisha ndiye atakayeona watoto wakitoka na manyoya yao, macho wazi.

Kipimajoto kifunge uzi, na uzi ubane kwenye mkia. Ng'ombe akikimeza kwa nyuma utakitafuta kwa mkono mbele ya darasa zima (nimekitafuta). Ng'ombe mzima ana nyuzi 38.5 hivi. Ukikuta 41, na tezi za chini ya sikio zimevimba, chungulia kupe ndani ya masikio na ufikirie ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, kabla ya kukimbilia antibiotiki yoyote iliyo karibu. Kama utashika mbwa, chanjwa wewe kwanza dhidi ya kichaa. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba ni mzima.

Anayetaka udaktari kamili, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo chake. Jipange kwa nauli na kwa miaka. Anayetaka kufundisha asiache wateja wa asubuhi, kwa sababu mshahara wa mwalimu mnaujua, na kwa sababu mikono husahau upesi.

Jumamosi hii napanda Kabare kukata kwato za mbuzi. Atakayekuja aje na buti zake. Za mwaka jana nilizoazimisha hazijarudi.