Poka kwa mtu aliyekulia kwenye arubastini

Karata nilijifunzia kijiweni, kwenye arubastini ya jioni, ambako mwenye turufu anaibamiza mezani hadi vikombe vya kahawa vinaruka. Kwa hiyo rafiki yangu aliponiita kwake Ijumaa moja tucheze poka, ile aina ya Texas Hold'em, nilijua naenda kufundisha watu. Tulichezea vifuniko vya soda, hamsini kila mmoja. Saa nne usiku sikuwa na hata kimoja.

Kilichoniponza ni mazoea. Kwenye arubastini ukigawiwa karata mbovu unazicheza hivyohivyo, ukiomba mwenzako wa upande wa pili akuokoe. Kwenye poka huna mwenza, lakini una ruhusa ambayo kijiweni haipo: kuzitupa na kusubiri mgao mwingine. Mimi niliona aibu kutupa. Nilihisi ni kama kukimbia.

Kwa asiyeujua mchezo: kila mtu anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa tano za wote, kwanza tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja, na katikati ya kila hatua watu wanaweka dau. Katika hizo saba unaunda tano zilizo bora. Kabla ya yote, watu wawili wanaofuata baada ya mgawaji wanatoa dau la lazima, ndiyo maana huwezi kukaa unasubiri milele.

Sasa tazama nilivyofilisika. Nilishika ree ya kopa na nne ya uru. Mezani zikafunuka ree, tisa na sita. Nina ree mbili! Jamaa wa mbele yangu akaweka vifuniko vitano, nikafuata. Ikaja mbili, akaweka kumi, nikafuata. Ikaja jeki, akasukuma vyote, nami nikasukuma vyangu bila hata kupepesa. Akafunua ree na malkia. Wote tuna ree mbili, kwa hiyo zinahesabiwa karata tatu zinazobaki. Zake ni malkia, jeki, tisa. Zangu ni jeki, tisa, sita, zote za mezani. Ile nne yangu haikuingia hata kwenye hesabu. Tangu pale, ree yenye karata ndogo pembeni huwa naiangalia kama mkopo wa riba: inapendeza siku ya kwanza.

Karata mbili za mwanzo zinaweza kuwa za aina 169 ukihesabu tu thamani na kama zinafanana alama. Anayeanza azitupe nyingi mno. Cheza jozi, cheza kubwa mbili kama ree na kingi au kingi na malkia, na wakati mwingine zinazofuatana zenye alama moja. Usisubiri ree mbili tu, kwani hizo kwa wastani huja mara moja katika migao 221, utazeeka.

Kingine ni mahali ulipokaa. Mwenye zamu ya mgawaji husema wa mwisho kila hatua baada ya zile tatu za kwanza kufunuliwa, akiwa ameshawaona wote wamefanya nini. Sisi tunaizungusha zamu hiyo kwa kifungulio cha soda. Kikiwa mbele yangu nacheza karata ambazo nikiwa wa kusema mwanzo nazitupa bila kuzitazama mara mbili.

Hesabu usiiogope, ni ya sokoni. Umeshika kopa mbili, mezani zimefunuliwa nne na kopa ni mbili, imebaki karata moja. Ikija kopa unakuwa na tano za alama moja, ambazo zinapiga jozi kwa mbali. Ambazo hujaziona ni 46, na kopa kati yake ni 9, yaani kama asilimia 20. Katikati pana 100, mpinzani anaongeza 50. Unaulizwa utoe 50 ili upate 150, yaani 50 katika jumla ya 200, kwa hiyo unahitaji angalau asilimia 25. Tupa. Angeongeza 20 tu, ungefuata. (Wajuzi watasema ukipata kopa unaweza kumkamua zaidi mwishoni. Ni kweli, ila hiyo iache kwanza.)

Pa kujifunzia: chuo kikuu cha MIT cha Marekani kimeweka bure mtandaoni mihadhara ya kozi yake ya nadharia ya poka, ya mwaka 2015. Ni Kiingereza, ila mchoro na hesabu vinajieleza. Kitabu cha David Sklansky, The Theory of Poker, ni kizuri lakini kigumu kwa mwezi wa kwanza. Mimi nilikiacha njiani nikakirudia baadaye. Video za mashindano usizifanye mwalimu: wanakata migao ya kuchosha, unabaki kuona watu wakidanganyana kwa mamilioni, nawe unaenda kujaribu kwa shemeji yako. Kilichonisaidia kuliko vyote ni daftari la shilingi mia tano. Kila mgao ulioniuma nauandika: karata zangu, za mezani, nani aliongeza nini. Asubuhi upumbavu unaonekana wazi.

Kama dini yako imekataza kamari, hilo ni lako na sheikh au mchungaji wako, sina fatwa. Vifuniko vinafundisha vizuri tu. Wanaoweka pesa, kwetu sheria ni elfu tano kwa usiku mzima, noti mkononi, simu zinaachwa chumbani ili mtu asijirushie salio saa sita usiku. Hakuna kukopeshana. Elfu tano ikiisha, huendi nyumbani na wala huketi ukinuna: unakuwa mgawaji wa wote hadi tufunge. Miezi mitatu ya mwanzo niligawa sana, na kwa kuwa sikuwa na karata za kutetea, ndipo nilipoanza kuona jinsi jamaa wa ree na malkia alivyokuwa akitupa karata zake katika migao minane ya kila kumi.