Mvua ileile, maji tofauti: nililofunzwa na lambo la Handeni

Lambo la kwanza nililolipigia hesabu lilikuwa Handeni, la mzee mmoja mfugaji aliyechoka kuwaswaga ng'ombe mbali kila kiangazi. Ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nina kikokotoo kipya na jeuri yake. Nikapima kwenye ramani eneo linalomwaga maji kwenye lile korongo, nikapata kilometa 4 za mraba. Nikachukua mvua ya milimita 60, nikafungua jedwali, na jibu likatoka kabla chai haijapoa.

Vuli ikaja. Siku moja kopo la kupimia mvua likasoma milimita 60. Simu ikaita: "Mwanangu, njoo uione bahari yako." Nilikuta tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Masika iliyofuata, baada ya siku nne za mvua mfululizo, zikanyesha 60 nyingine. Safari hii maji yalipita juu ya tuta na kulikata kipande, utadhani mkate wa kumimina. Hakunitukana yule mzee, na hilo ndilo lililoniuma.

Kosa langu halikuwa kwenye kuzidisha. Nilitumia mbinu ya Idara ya Hifadhi ya Udongo ya Marekani, ambayo huipa ardhi namba isiyozidi 100, iitwayo CN. Namba ikiwa kubwa, ardhi hainywi maji. Ikiwa ndogo, inakunywa sana. Kwanza unatafuta S, yaani uwezo wa ardhi kunywa: 25,400 ÷ CN − 254. Kisha, P ikiwa ni mvua kwa milimita, kina cha maji yatakayotiririka ni (P − 0.2S)² ÷ (P + 0.8S). Ile 0.2S ni kiu ya ardhi. Mvua isipoivuka, korongo halipati kitu.

Jedwali lilinipa CN ya 75, na mvua ya 60 ikanipa mtiririko wa milimita 14.5. Milimita moja juu ya kilometa moja ya mraba ni meta za ujazo 1,000, kwa hiyo kwa eneo langu ni kama 58,000. Sikusoma maelezo ya chini ya jedwali: 75 ni ya ardhi yenye unyevu wa wastani. Ardhi hiyohiyo ikiwa kavu, CN hushuka hadi 57, na mvua ya 60 hutoa milimita 2 na ushei, hata meta za ujazo 9,000 hazifiki. Ikiwa imeshalowa, CN hupanda hadi 88, mtiririko unakuwa milimita 32, na unapokea meta za ujazo 128,000. Hapo ndipo tuta langu lilipokwenda.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza leo imenyesha kiasi gani, uliza siku tano zilizopita zilikuwaje. Wakati mimea inakua, jumla ya siku hizo ikiwa chini ya milimita 36 chukulia ardhi kavu. Ikizidi 53, chukulia imeshalowa. Siku hizi, nikikadiria kama lambo litajaa napigia ukavu, na nikipima upana wa njia ya kumwagia maji ya ziada napigia ardhi iliyolowa. Anayetaka hesabu moja kwa kazi zote mbili atafute fundi mwingine.

Halafu mvua yenyewe umeipima wapi? Mto Zigi unatoka huko Amani, ambako kwa mwaka hunyesha karibu milimita 2,000, na maji yake ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani tunalolitegemea hapa Tanga mjini. Unaweza kukaa Ngamiani kopo lako halijapata hata tone, na Zigi inateremka nyekundu kama chai ya maziwa. Kopo lenye kingo zilizonyooka, rula, mahali pa wazi mbali na mwembe, usome kila siku saa tatu asubuhi: mimi naliamini hilo kuliko takwimu safi za mji mwingine.

Na utembee korongoni. Mzee ndiye aliyenionesha mti wa mkwaju wenye nyasi kavu na vipande vya nailoni vilivyonasa matawini, juu kidogo ya kichwa changu. "Maji yalifika hapo," akasema, "nilidhani umeona."

Tulilijenga tuta upya, na njia ya kumwagia maji ikawa pana mara mbili. Sasa kwenye mlango wa zizi kuna namba tano za chaki, ya zamani hufutwa kila asubuhi. Masika iliyopita alinipigia: "Shikamoo yako ulete baadaye. Tano zimefika 61. Ndama nimeshawatoa kule chini."