Kampuni ikikuandikia habari za dunia, tafuta iliposema habari za friji yako

Kwa miaka kadhaa nilikaa kitengo cha huduma kwa wateja cha kampuni inayouza vifaa vya nyumbani. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kupokea simu za watu waliosoma taarifa ya kampuni wakaishia kuchanganyikiwa, na walikuwa na haki. Barua moja ilianza kwa kusifu uimara wa toleo jipya, ikaingia kwenye "maboresho ya huduma", ikamalizia kwa vita, mafuriko na meli zilizokwama. Mteja aliyekuwa na friji bovu jikoni alikuwa hajui ashike lipi.

Ninachomshauri mtu ni kuzitenganisha habari hizo kabla hajaamini lolote. Kitu kitadumu kiasi gani ni habari moja. Kikiharibika nani atagharamia ni nyingine. Yaliyotokea duniani ni ya tatu, na hiyo ndiyo inayopendwa kutumiwa kufunika zile mbili.

Chukua friji yenye stika ya "dhamana ya miaka 10". Ukisoma karatasi ya dhamana yenyewe, mara nyingi utakuta miaka hiyo 10 ni ya kompresa peke yake, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, wakati friji nzima ina mwaka mmoja au miwili. Kompresa ikifa mwaka wa sita unaweza kupewa kompresa nyingine, lakini fundi, gesi na usafiri vikawa juu yako. Isitoshe, simu nyingi zilizonifikia hazikuhusu kompresa kabisa. Zilihusu bodi ya saketi, na bodi ikiungua kwa sababu umeme ulipanda ghafla, dhamana nyingi zinajitoa. Kwa hiyo ukiona tangazo la miaka mingi, uliza: ya kifaa gani ndani ya kifaa?

Simu za mkononi nazo zina mchezo huohuo. Alama ya IP68 inayotangazwa kwenye simu ni kipimo cha kweli cha kuhimili vumbi na maji: 6 ni kuzuia vumbi, 8 ni kuhimili kuzamishwa majini kwa kina na muda aliotaja mtengenezaji. Ila hupimwa maabara, kwa maji safi, simu ikiwa mpya. Bahari, sabuni na simu iliyowahi kuanguka ni hadithi tofauti, na watengenezaji wengi hawahesabu maji kuwa ni jambo la dhamana hata kama tangazo linaonyesha simu ikiogelea.

Sasa hizo habari za dunia. Sisemi ni uongo. Mwaka 2021 peke yake ulitosha: Februari baridi kali ilikata umeme Texas na viwanda vya chipu (vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha vifaa) mjini Austin vikasimama, Machi 19 kiwanda cha chipu cha Renesas huko Naka, Japani, kiliungua, Machi 23 meli ya makontena ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ikakwama kwenye Mfereji wa Suez hadi tarehe 29. Aliyesubiri gari au kifaa chochote chenye chipu mwaka ule alikuwa na sababu ya kusubiri. Lakini mpira wa mlango wa friji hauna chipu. Ukiambiwa umekosekana kwa sababu ya uhaba wa chipu, hapo unachezewa.

Nalisema kwa uhakika kwa sababu maneno tuliyoandikiwa tuyasome kwenye simu yalikuwa na sentensi moja, "kutokana na hali ya soko la dunia", nayo ilifaa kila kitu kilichokuwa hakipo stoo, hata kile ambacho idara ya manunuzi ilikuwa haijakiagiza.

Habari ya kampuni iliyo nzuri huwa na tukio, mahali na tarehe ya mwisho. Januari 2024, meli zilipokuwa zinaikwepa Bahari ya Shamu kwa hofu ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, kampuni ya magari ya umeme ya Tesla ilitangaza kwamba kiwanda chake karibu na Berlin kingesimamisha sehemu kubwa ya uzalishaji kuanzia Januari 29 hadi Februari 11 kwa kukosa vipuri. Unaweza kuikasirikia taarifa kama hiyo, lakini unaweza pia kuipangia. Vivyo hivyo, habari mbaya inaweza kuwa na faida kuliko sifa: Apple ilipokiri Desemba 2017 kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone za zamani zenye betri zilizochoka, ilishusha pia bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Aliyesoma hadi chini alijua la kufanya. Waliosoma kichwa cha habari tu, wengi wao walibaki na hasira.

Ukipiga simu, kuwa na risiti na namba ya kifaa mkononi, ile iliyo kwenye kibandiko cha nyuma au ndani ya mlango. Omba namba ya malalamiko, na mkishaongea tuma muhtasari kwa barua pepe ili yawe kwenye maandishi. Kisha uliza hivi: "Kipuri changu kimeshaagizwa, au bado?" Anayekujibu kwa kawaida analiona jibu kwenye kompyuta yake, na swali hilo halijibiwi kwa soko la dunia. Kama kimeagizwa, omba tarehe ya kufika. Kama bado, omba kiagizwe wewe ukiwa bado hewani, na uandikiwe kwamba siku za kusubiri hazitahesabiwa kwenye muda wa dhamana. Hili la mwisho watu wengi hulisahau, kipuri kinafika dhamana ikiwa imeisha wiki iliyopita.