Mwanangu, sola italipa lini?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema bili ya umeme imekuchosha, fundi amekuletea makadirio ya kufunga sola ya kilowati 3, na amekuahidi kwamba pesa yako itarudi baada ya miaka mitano. Unaniuliza kama hiyo miaka mitano ni ya kweli, na kama ukope ufunge kila kitu kwa mkupuo, betri zikiwemo. Nimeishi na sola juu ya paa langu miaka 11 sasa, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyaona na yale niliyoyalipia.

Miaka mitano inawezekana. Lakini kuna swali ambalo fundi hakukuuliza, nalo ndilo linaloamua yote: umeme wako unautumia saa ngapi?

Tupige hesabu kwa nyumba yako. Kwa bili ulizonitumia, unatumia kama uniti 12 kwa siku. Sola ya kilowati 3 hutoa kilowati 3 pale jua linapokuwa kali hasa; asubuhi na jioni hutoa kidogo. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Penye jua zuri, siku nzima ni sawa na saa tano hivi za jua kali, yaani uniti 15. Toa kama moja ya tano inayopotea kwenye joto, vumbi, waya na inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), unabaki na 12. Hapo ndipo fundi alipofika akasimama: unatumia 12, paneli zinatoa 12, bili kwisha.

Sasa wewe na mwenzio mnatoka asubuhi mnarudi jioni. Mchana nyumbani kuna friji na vitu vidogo vidogo, tuseme uniti 4. Zile 8 nyingine mnazitumia jua likiwa limeshazama: hita ya kuogea, pasi, kupika, taa, televisheni. Bila betri, paneli zitakuokolea 4 tu, na za usiku utaendelea kuzinunua kama zamani. Bei aliyokupa fundi ni sawa na bili zako za miezi 60. Ukiokoa uniti zote 12, kweli ni miaka mitano. Ukiokoa 4, ni miaka 15. Paa ni lilelile na paneli ni zilezile.

Ile ziada ya mchana inaweza kukusaidia ikiwa shirika la umeme linaipokea. Kuna mahali wanakuhesabia uniti kwa uniti, kuna mahali wanainunua kwa bei ya chini sana kuliko ile wanayokuuzia, na kuna mahali hawaipokei kabisa. Nenda ukaulize mwenyewe, na jibu ulipate kwa maandishi. Uliza pia ada ya kila mwezi, ile unayolipa hata usipotumia uniti moja, kwa sababu hiyo sola haiigusi.

Mimi kilichoniokoa ni kuhamisha kazi. Hita ya maji ndiyo mlaji mkubwa wa nyumba. Niliifungia taima iwake saa sita mchana, maji yakakaa moto kwenye tangi lake hadi usiku. Nguo nafua na kupiga pasi mchana wa Jumamosi. Wewe ukifanya hivyo, ukafikisha uniti 8 za mchana, miaka 15 inashuka hadi saba na nusu. Na hilo halikugharimu ila taima.

Sasa betri, maana najua ndizo unazozitamani. Hapa nakuomba uwe mwangalifu, mwanangu, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia. Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya betri za asidi, za bei nafuu, na fundi hakuniambia kwamba betri za namna hiyo hazitakiwi kushushwa chini ya nusu ya chaji. Sisi tulikuwa tunazikamua kila usiku mpaka inveta inalia. Mwaka wa pili haujaisha, chaji iliyokuwa ikitufikisha asubuhi ikawa inakata saa mbili usiku. Nililipa mara mbili. Za lithiamu ninazotumia sasa huvumilia kutumiwa asilimia 80 au 90 ya chaji yake na hudumu miaka kumi au zaidi, lakini bei yake unaijua. Kwenye makadirio yako betri inaongeza bili za miezi 40, na itakuokolea labda uniti 4 za usiku, yaani theluthi ya bili. Hiyo ni miaka kumi kurudisha pesa yake, wakati huo nayo imeanza kuzeeka. Kwa hesabu ya akiba peke yake, betri hailipi. Umeme ukikatika mara kwa mara, au kuna dawa za kuhifadhi kwenye friji, hilo ni jambo lingine, na hapo ningeinunua bila kusita. Ila ujue: sola ya kawaida iliyounganishwa na gridi, yaani nyaya za shirika la umeme, bila betri huzima gridi inapokatika, hata jua likiwa linawaka. Imetengenezwa hivyo ili isirudishe umeme kwenye nyaya wanazoshika mafundi. Wengi hulijua hilo siku ya kwanza ya giza.

Kivuli nacho usikidharau. Paneli zangu zimeungwa kwa mfululizo, moja ikifuata nyingine kwenye waya mmoja, kwa hiyo moja ikidhoofu huzidhoofisha na nyingine, na kila ikifika saa tisa alasiri kivuli cha tangi la maji kiliangukia kona ya paneli moja. Nilikuwa naangalia kioo cha inveta, namba inaporomoka kana kwamba wingu limepita, na mbingu nyeupe. Tulihamisha tangi. Panda juu ya paa lako mwenyewe asubuhi, mchana na alasiri kabla hawajatoboa tundu hata moja. Na kama mabati yamechakaa, badilisha kwanza, maana kushusha paneli na kuzipandisha tena ni gharama ambayo haimo kwenye karatasi yoyote.

Paneli zenyewe hazinipi wasiwasi. Hupungua nguvu kama nusu asilimia kwa mwaka, kwa hiyo baada ya miaka 25 bado zitakuwa zinatoa karibu asilimia 88. Kinachokufa mapema ni inveta, kati ya mwaka wa 10 na wa 15. Anza kuiwekea akiba tangu mwezi wa kwanza.

Kuhusu mkopo: linganisha rejesho la mwezi na kile utakachookoa kwa mwezi, si na bili nzima. Ukiokoa theluthi ya bili huku rejesho likiwa bili nzima, utakuwa umejiongezea mzigo. Mimi ningekushauri uanze na paneli na inveta inayokubali betri baadaye, kwa pesa uliyo nayo, na betri isubiri.

Kabla ya hayo yote, nunua daftari. Kwa wiki mbili soma mita saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, uandike namba zote mbili kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Siku za kazi mwombe mlinzi au jirani akusomee. Ukimaliza, lipige picha unitumie, tuikalie pamoja hesabu hiyo kabla hujasaini kitu.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako