Kabla ya Kubandika Ukanda Ubavuni mwa Gari la Kale la Spoti, Pima Milango ya Majirani

Nianze na jibu, ili asiye na muda aondoke nalo. Kama gari lako la kale la spoti lilitoka kiwandani bila ukanda wa ubavuni, liache hivyo. Kama unalitumia kila siku na huna budi kuliegesha katikati ya magari ya watu, bandika, ila kwa tepu tu, na baada ya kupima. Na ukimwona mtu anakaribia bodi ya gari lako akiwa na keekee mkononi, mwondoe hapo kwa adabu. Akikataa, mwondoe bila adabu.

Ukanda ninaousema ni ule wa mpira, plastiki au chuma unaopita mlangoni na kwenye fenda ili upokee kipigo cha mlango wa gari lililoegeshwa kando yako. Wengine huuita moldingi. Mimi nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, na nimeishi nayo ikiwa na ukanda na ikiwa haina, kwa hiyo pande zote mbili za ubishi huu nazijua.

240Z haikusanifiwa na ukanda. Ubavu wake ni bati tupu lenye mkunjo mmoja unaokimbia kuelekea nyuma. Lakini wauzaji wengi wa Marekani, ambako nyingi ya gari hizi ziliuzwa, walikuwa wakiongeza vikorombwezo vyao dukani kabla ya kukabidhi funguo, na ukanda wa ubavuni ulikuwa mmoja wapo. Ndiyo maana hadi leo utakuta 240Z mbili za mwaka mmoja, moja ina ukanda na nyingine haina, na kila mwenye gari anaapa kwamba lake ndilo halisi. Miaka ile sheria mpya za Marekani zilikuwa zimebana bampa za mbele na za nyuma, na magari ya kuanzia mwaka 1973 yakaanza kubeba mabampa mazito. Ubavu haukuguswa na sheria hizo. Aliyetaka kuulinda alijitafutia mwenyewe, na muuzaji alikuwa tayari kumsaidia.

Langu lilinifikia likiwa na ukanda mweusi wa plastiki wenye mstari wa rangi ya fedha katikati. Ulikuwa umesinyaa, kama plastiki ya zamani inavyosinyaa ikipigwa jua miaka mingi, na ncha zake zilikuwa zimerudi ndani na kuacha alama ya gundi iliyokauka. Nilipouondoa, mlango wa kulia ulitoka salama. Wa kushoto, fundi aliinama, akachungulia, akaniambia, "Bosi, huku walitoboa." Mwenye gari wa zamani alikuwa ameshikiza upande huo kwa klipu. Matundu yenyewe yalikuwa madogo, lakini bati lilikuwa limeliwa kutoka ndani, maana maji yaliyopita kwenye matundu yalikuwa yakishuka hadi chini ya mlango na kukaa huko pamoja na vumbi. Ukitazama nje uliona kiputo cha rangi kisichozidi punje ya mchele. Ndani kutu ilikuwa imetambaa hadi mshono wa chini.

Hilo ndilo la kwanza kulijua. Tundu lolote jipya kwenye bati la zamani ni mlango wa kutu, hata ukilipaka praima, hata ukaweka mpira wa kuziba. Magari yaliyotoka kiwandani na matundu, kama MGB na ule utepe wake wa chuma ubavuni, nayo huoza pale pale klipu zinapokaa. Tofauti ni kwamba kwao hakuna namna, utepe ule ni sehemu ya gari. Kwako ipo namna.

Kitu cha pili kilichoonekana kilikuwa kivuli. Chini ya ukanda rangi ilikuwa imebaki mbichi kama siku ilipopakwa, huku pembeni ikiwa imefifia. Kama rangi ya gari lako ni ile ya zamani ya tabaka moja, polishi kali na mkono wenye subira vinaweza kupunguza tofauti hiyo. Kama ni rangi ya metaliki iliyofunikwa kwa klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, uwezekano wa kuifuta ni mdogo, na mwishowe utapaka ubavu mzima upya. Kwa hiyo anayebandika ukanda leo anapanga pia rangi ya gari lake itakavyokuwa miaka kumi ijayo.

Sasa swali lenyewe: ukanda unalinda kweli? Unalinda dhidi ya aina moja ya kipigo, kwenye kimo kimoja. Wengi hawalifikirii hili. Chukua futi ya utepe na uende pale unapoegesha mara nyingi. Tazama milango ya magari ya jirani. Mlango ukifunguka, ukingo wake wote hauji kukugonga kwa pamoja, inakugonga ile sehemu iliyotokeza zaidi. Pima kimo chake kutoka ardhini. Fanya hivyo kwa magari ya aina mbalimbali, kisha urudi kwenye gari lako na uweke alama za chaki kwenye kipande cha tepu ya karatasi ulichokibandika mlangoni.

Nilipofanya hivyo kwenye 240Z, ambayo kimo chake chote ni kama mita 1.28, alama nyingi ziliangukia juu ya pale ukanda wa zamani ulipokuwa. Kanda zile ziliwekwa enzi ambazo magari mengi ya jirani yalikuwa mafupi. Leo gari la kando yako huenda ni refu lenye magurudumu makubwa, na ukingo wa mlango wake unakuja karibu na kioo chako. Ukanda uliokaa katikati ya mlango utautazama tu mlango ule ukipita juu yake.

Halafu kuna umbo. Simamisha rula ndefu iliyonyooka ubavuni, kutoka chini kwenda juu, uone inagusa wapi. Pale inapogusa ndipo gari lako lilipo pana zaidi, na ndipo patakapogongwa. Ukanda ukikaa chini ya hapo, na unene wake usipofika mbele ya sehemu hiyo, umebandika urembo. Magari ya spoti ni wakorofi katika hili kwa sababu bodi zake zimejaa mabonde na vilima. Porsche 911 fenda zake za nyuma zimetuna kuliko milango, na kipigo kinachotua hapo ukanda wa mlangoni hauna habari nacho.

Sisemi kanda zote ni mbaya. Kuna ukanda uliozaliwa na gari na kuna ukanda wa kambo. Corvette ya kizazi cha nne, iliyoanza na modeli ya mwaka 1984, ina ukanda mweusi unaoizunguka bodi, na nyuma yake umejificha mshono ambapo boneti kubwa inakutana na sehemu ya chini. Uondoe ule uone utakavyokuwa umeliaibisha gari. Mercedes SL ya R107, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1989, nayo mistari yake ya ubavuni ilichorwa pamoja na gari. Porsche 928 inafurahisha zaidi: ilipozinduliwa mwaka 1977 ubavu wake ulikuwa laini kabisa, kisha toleo la S likaja na ukanda. Ukiwa na 928, basi, lazima kwanza ujue unayo ipi, maana ukanda kwenye moja ni haki yake na kwenye nyingine ni nyongeza.

Hapa linaingia suala la thamani. Mnunuzi makini wa gari la kale hutafuta lililo karibu zaidi na lilivyotoka kiwandani, na majaji wa mashindano ya magari ya kale hukata alama kwa kisichokuwapo. Ukanda wa tepu unaoondoka bila kuacha jeraha hausumbui sana, unautoa kabla ya kuuza. Ukanda wa klipu ni habari nyingine, kwa sababu kuziba matundu, kunyoosha bati na kulinganisha rangi si kazi ya asubuhi moja. Mnunuzi mwenye akili pia hujiuliza nini kimefichwa nyuma ya ukanda usiotakiwa kuwapo. Mimi nikiona gari la aina hiyo, vidole vyangu huenda hapo kwanza, na sumaku ndogo baadaye, kutafuta puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ambao sumaku haiushiki.

Tuseme umepima, umeona ukanda utakusaidia, na umeamua. Tumia tepu ya povu la akriliki yenye gundi pande mbili, ile ya daraja la magari. 3M walianza kuuza yao ya VHB mwaka 1980, na leo wako watengenezaji wengine wazuri. Usikubali tepu ya kubandikia picha ukutani. Kama gari limetoka kupakwa rangi, subiri wiki kadhaa, kwa maana vimumunyisho vilivyo ndani ya rangi mbichi vinahitaji kutoka, na ukivifunika vitaharibu rangi na gundi pia.

Osha ubavu, kisha ufute nta na mafuta yote kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Nta ndiyo sababu kubwa ya kanda kubanduka, na wenye magari ya kale tunapenda nta kupita kiasi. Halijoto ya bati ina maana kubwa: kati ya nyuzi 21 na 38 za Selsiasi gundi inashika vizuri, na chini ya nyuzi 10 usijaribu. Bonyeza kwa nguvu urefu wote, usipapase. Baada ya dakika 20 tepu inakuwa imeshika kama nusu ya nguvu yake, baada ya saa 24 kama asilimia 90, na saa 72 zikipita imefika mwisho. Katika siku hizo tatu usioshe gari, na usijaribu kuvuta ncha "kuona kama imeshika". Najua utatamani.

Kupanga mstari ndiko kunakotenganisha kazi ya fundi na kazi ya mtu mwenye haraka. Usipime kutoka ardhini. Springi za gari la kale zimechoka, na mara nyingi upande mmoja umelala kuliko mwingine. Pima kutoka kwenye mkunjo wa bodi. Weka kwanza mstari wa tepu ya karatasi kutoka fenda ya mbele hadi ya nyuma, rudi nyuma hatua nyingi, chuchumaa, utazame. Ukiona umepinda kidogo tu, umepinda. Kisha fungua mlango polepole ukiangalia ukingo wake wa mbele, kwa kuwa katika magari mengi ukingo huo unaingia ndani kidogo nyuma ya fenda unapofunguka. Ukanda mnene ukifika mpaka mwisho utaparuza fenda siku ya kwanza. Acha nafasi, na ukate ncha kwa mshazari ili zisinase kitambaa cha kufutia.

Kuna wanaopenda vile vilinzi vya sumaku, unavyoviweka ukiegesha na kuvitoa ukiondoka. Kwenye bati la chuma vinafanya kazi, mradi ufute vumbi pande zote mbili kabla, la sivyo chembe za mchanga zitakuchorea ramani mlangoni. Lakini Corvette bodi yake ni ya nyuzi za kioo tangu ya kwanza ya 1953, na milango ya Porsche 928 ni ya alumini. Sumaku haina la kufanya hapo. Ile filamu ya plastiki inayoonekana kama haipo nayo inazuia mikwaruzo na mawe madogo, lakini unene wake ni karibu milimita 0.2, haiwezi kuzuia bati kubonyea.

Tena, mlango usio na ukanda ukibonyea kidogo, fundi anayesukuma bati kutoka ndani kwa vyuma vyake anaweza kulirudisha bila kugusa rangi, mradi rangi haijapasuka na kibonyeo hakijakaa kwenye mkunjo. Ndiyo njia niliyoichagua mimi. Gari langu sasa liko tupu ubavuni, naliegesha mwisho wa safu, upande mmoja ukiwa na ukuta, na natembea kidogo zaidi kufika ninakokwenda.

Kama gari lako lina ukanda wa zamani na unataka kuuondoa, upashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka gundi ilainike, kisha pitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake kama msumeno, ukivuta huku na huku. Usitumie bisibisi. Gundi inayobaki iviringishe kwa kidole gumba ingali na joto, na iliyokaidi uilainishe kwa kiondoa gundi ulichokijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa rangi nyingine za zamani huyeyuka nacho. Na ukanda wenyewe usiutupe. Ufunge kwa karatasi na uuhifadhi pamoja na nyaraka za gari, kwa sababu huenda mwenye gari wa baadaye akautafuta kwa udi na uvumba.